Mvua Uliyoiomba

Siku ya soko pale mjini Ziwa, nilikuwa nje ya duka la dawa za mifugo wakati wingu jeusi lilipoanza kutanda. Mama mmoja aliyekuwa amenunua mbegu za sukuma wiki alifumba macho, akainua mkono.

"Baba, fungua mbingu. Leo, Baba."

Jirani yake, aliyeanika mahindi kwenye turubai kando ya duka, aliinua mikono yote miwili. "Baba, usimsikize huyu. Ngoja kwanza mpaka jioni."

"Mama, unapinga maombi yangu?"

"Sipingi. Naonyesha tu Mungu mahali mahindi yangu iko."

Tone la kwanza lilimwangukia mwenye mahindi puani. Yule wa sukuma akatia mbegu mfukoni, akavua viatu, akaanza kuzoa mahindi naye, mimi nikishika gunia. Tulipoingiza gunia la mwisho dukani, mvua ilikuwa inamwagika.

"Mungu amejibu," wa sukuma akasema, akihema.

"Amejibu. Lakini siku ingine kabla uombe, nipigie simu."

Nilirudi Eldoret nimelowa, nikiwaza kwamba Mungu anaweza kukupa mvua uliyoomba, kisha akakupa na mahindi ya jirani uyaanue.