Vitufe vya Mkaa

Jana kitufe kimoja cha laptopu yangu kiligoma. Nikaigeuza, nikaitikisa, ikadondosha vumbi jeusi lenye harufu ya mkaa uliolowa.

Palepale nikamkumbuka rafiki yangu wa utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, mama yangu alikokuwa akiuza ndizi siku za soko. Alikuwa amechora vitufe kwa mkaa juu ya boksi la biskuti, kama mashine ya kuchapia ya baba yake, waliyepotezana naye njiani. Kila siku alimwandikia kwamba yuko hapa, aje amchukue. Siku moja mvua ilikuwa imefuta kitufe kimoja, cha herufi ya jina lake.

“Sasa jina langu halitafika!” alilia.

“We naye! Kwani boksi lina waya?” nilimtania, lakini nikalamba kipande cha mkaa, nikachora upya kile kitufe. Akabonyeza. Tukalaza masikio juu ya boksi.

Ta, ta, ta, kutoka chini yake.

“Umesikia? Anajibu!”

Nilicheka, huku vinyweleo vimenisimama. Siku ya soko iliyofuata sikukuta hema lao, ila boksi tu.

Jana nililamba kidole, nikakibonyeza kile kitufe. Kikafanya kazi. Nikaondoa mkono, nacho kikaendelea kubonyea chenyewe: ta, ta, ta.

Nikalaza sikio.