Chapati za Shangazi, Bila Ngano

Shangazi yangu hupika chapati za kuuza Kawangware, na siku nilipomwambia kwamba binti yangu hawezi kula ngano, alinitazama kana kwamba nimemtusi mbele ya wateja.

"Ugonjwa gani huo wa kuchukia chapati?"

Nikamweleza kama daktari alivyonieleza. Unaitwa siliaki. Ngano, hata chembe tu, inaharibu utumbo wa mtoto, ndiyo maana alikuwa ameharisha na kukonda mpaka sare ya shule ikawa inamning'inia. Njugu nazo humvimbisha midomo, lakini hiyo ni shida nyingine. Shangazi akafikiri kidogo, kisha akatoa hukumu: "Basi chapati ndiyo itabadilika."

Shuleni kwao, hapa mtaani Lindi tunapoishi, si mbali na Kawangware, tulikuwa tumezoeana. Binti yangu alikuwa na sahani yake na kijiko chake. Mwalimu wake alijua kwamba githeri ya mahindi na maharagwe ni sawa, mandazi hapana. Shida ilikuwa siku ya kufunga shule, kwa sababu siku hiyo watoto wote hula chapati na ndengu. Muhula uliotangulia alikuwa amekaa na ndizi yake akitazama vidole vya wenzake viking'aa mafuta. "Mama," aliniambia tukirudi nyumbani, "mimi leo nimekula na macho."

Hayo maneno ndiyo yaliyomleta shangazi. Alikuja Jumamosi na pani mpya kwapani, kifimbo kipya cha kusukumia, na nguo ambazo hazijawahi kuona unga. Alinawa mpaka kwenye viwiko kama daktari anayeingia thieta kupasua mtu. Tukasaga mchele na mtama kwa blenda yetu wenyewe, maana kwa mashine ya kusaga husagwa kila kitu, ngano pia.

Chapati ya kwanza ilivunjika kama sahani. Tukajaribu unga wa muhogo. Huo ukashika pani, ukashika kifimbo, ukamshika na shangazi. Binti yangu alicheka mpaka akalala sakafuni. Shangazi alimkemea, halafu naye akaangalia vidole vyake vilivyogandana, akaanza kucheka. Mwishowe akaponda viazi vitamu vilivyochemshwa, akavichanganya na ule unga wa mchele na mtama, akaukanda kwa maji moto. Chapati ikasukumika. Ikageuka. Ikafura! Tukapiga vigelegele, jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna harusi.

Siku ya kufunga shule tukaenda na chapati zetu ndani ya hotpoti ya kuhifadhi joto, nikaiweka mbali kabisa na zile za ngano. Mwenyekiti wa shule, mtu mnene mwenye suti na tabasamu, alikuwa akizunguka na chapati mkononi akisalimia wazazi. Alipofika kwetu alifunua hotpoti, akatia mkono uleule ndani, akapekua, akachukua moja, akaiuma.

"Aisee! Hii ni ya nani? Ni tamu!"

"Ni yangu," binti yangu akasema. "Na mkono yako iko na ngano."

Mwalimu akamnong'oneza mwenyekiti maneno mawili matatu, na lile tabasamu likamtoka. Mimi nilitamani kulia, kwa sababu hotpoti nzima ilikuwa imeharibika kwa binti yangu.

"Nyumbani kuna unga uliokandwa," shangazi akasema. "Lakini jiko litabebwa na nani?"

"Mimi," mwenyekiti akajibu.

Hivyo ndivyo Lindi ilivyomwona mwenyekiti wa shule akipita vichochoroni amekumbatia jiko letu, masizi kwenye suti, shangazi mbele yake ameinua pani kama bendera, mimi nyuma na beseni la unga, na vijana wakiuliza, "Mzee, umefungua hoteli?" Alicheka kuliko wote. "Nimeandikwa kazi leo!" aliwajibu.

Shangazi alipikia uwanjani, mbali na meza za ngano. Watoto walizunguka jiko wakihesabu kwa sauti kila chapati ilipogeuzwa. Ya kwanza aliipata binti yangu, mwenye ugonjwa wake. Aliichovya kwenye ndengu, akatafuna, akafumba macho, na darasa lake lote likashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao.

Kisha wote wakataka kuonja. Mwenyekiti aliposimama kuhutubu, mdomo ulikuwa umejaa. Akajaribu kumeza, akakwama, akainua mkono, akatangaza kwa shida kwamba shule imefungwa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi.

Binti yangu hakuisikia. Alikuwa ameshiba, amelala mapajani mwa shangazi, kipande cha mwisho kikiwa bado mkononi.