Picha Ilisema Hakuna Mfupa Uliovunjika

Dakika arobaini nilisimama na mikono miwili juu ya fundo moja la shuka.

Docta akaniamuru nifungue. Mama wa mtoto akanitukana mbele ya wagonjwa wote.

Sikuachilia.

Mi ni infirmière, muuguzi, hapa Kolwezi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naitwa Adolphine. Wenye kunijua wanajua kwamba kutunga sijui.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili hivi. Nikasikia honi za pikipiki uani, nyingi, kama watu wa harusi. Kutoka nje, nikakuta motards wanne, wale waendesha pikipiki, wamebeba mlango wa mbao. Juu yake msichana wa shule, sketi ya buluu, kiatu kimoja.

"Mama, kamio ilirudi nyuma, ikamubana ku ukuta!" mmoja akapiga kelele. "Pale Dilala, ku depo!"

Huyo aliyebanwa na lori jina lake Bilonda. Miaka kumi na minne.

Damu ya nje ilikuwa mkwaruzo tu. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Maana midomo ilikuwa myeupe, jasho la baridi, moyo unakimbia, na mguu wa kushoto umelala upande kama si wake.

Nikajua nyonga imeachana. Na nyonga ikiachana, mtu anamwaga damu yote ndani kwa ndani, wewe nje huoni hata tone.

Nikakunja shuka, nikaipitisha chini yake polepole, nikafunga. Si pale mwanamke anapofungia kikwembe kiunoni, hapana. Chini kidogo, pale mifupa ya mapaja inapotokeza pembeni. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Magoti nikayafunga pamoja. Serumu, maji ya mshipani, mikono yote miwili. Motards wawili wakapimwa, wakatoa damu palepale.

Ndipo akaja Docta Ezéchiel. Kijana, mwaka wake wa kwanza wa kazi, mtu wa heshima kabisa. Akaagiza picha ya mifupa, ikapigwa hapohapo kitandani.

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Mama Adolphine, hakuna kitu. Mifupa yote iko mu nafasi yake."

Hata mi niliiona. Nyonga nzima, safi.

"Fungua shuka, tumugeuze. Damu inapotelea kwingine. Labda mu tumbo."

"Docteur, tumbo iko juu ya fundo. Unaweza kuiangalia vile amelala, bila kufungua."

Akaleta mashine ya kuangalia tumbo, akaipitisha. Hakuna damu.

"Hii mashine imezeeka," akasema. "Fungua."

"Apana."

Nikaweka mikono miwili juu ya fundo.

"Mama Adolphine, mi njo docta hapa."

"Ni kweli, docteur. Lakini tension ya damu imeanguka ku saba. Mutoto muzima hawezi kuwa na tension ya saba. Docta Muteba wa upasuaji iko njiani, anatoka Nzilo. Tumungoje."

Mama wa mtoto, Mama Kabedi, alikuwa ameshafika, na katika yote hayo alisikia neno moja tu: hakuna kitu. Akapiga magoti kumshukuru Mungu. Kisha akanigeukia.

"Docta anasema mutoto yangu ni muzima, na wewe unamufunga sawa mbuzi? Juu ya nini? Fungua nimupeleke kwetu, kuko tata mumoja muzee anajua kukanda mifupa!"

"Mama, akikandwa atakufa."

"Wewe njo utakufa! Mulozi!"

Mulozi. Mchawi. Mbele ya watu wote.

Machozi yalinijia, siwadanganyi. Nina watoto watatu na kazi ni hii moja. Tena moyoni nilikuwa najiuliza: Adolphine, na kama picha iko sawa, si wewe ndiye mjinga?

Docta akanishika kiganja, taratibu, ili anitoe.

Hapo Bilonda akafungua macho.

"Mama, umuache." Sauti ndogo, ya kutafuta. "Akikaza njo napumua kidogo. Akiachilia, nitapasuka. Umuache."

Mama Kabedi akautazama uso wa binti yake. Akazunguka kitanda, akaja upande wangu, akaweka mikono yake juu ya yangu.

"Docta," akasema, "basi utatutoa sisi wote babili."

Docta akaachilia kiganja changu, tukangoja hivyo.

Docta Muteba aliingia na vumbi la barabara kwenye viatu. Akatazama picha sekunde chache, akatazama shuka.

"Wakati mulipiga hii picha, shuka ilikuwa imefungwa?"

"Ndiyo, docteur."

"Basi mulipiga picha ya shuka, hapana ya mifupa. Mumupeleke kwa upasuaji. Na mutu asiguse fundo mpaka mi niseme."

Kule ndani, damu ikiwa tayari, akalegeza fundo kidogo tu. Picha ikapigwa tena.

Aliyeishika ni Docta Ezéchiel.

Mfupa wa mbele wa nyonga ulikuwa umeachana, vidole vinne vinapita katikati. Shuka ndiyo iliyoukutanisha muda wote ule, vizuri kiasi kwamba hata picha ilidanganyika.

Vyuma vikapigiliwa. Bilonda akakaa navyo wiki nane, akinuna, akidai vitabu vyake vya shule.

Mi je?

Siku kumi na tano baadaye ofisi ya hospitali ikaniita. Kumkatalia daktari ni kosa, wakasema, niandike barua ya kuomba msamaha. Mezani palikuwa na rapport, ripoti, ya Docta Ezéchiel. Nikasema moyoni, huyu kijana amenimaliza.

Nikaisoma. Alijishtaki mwenyewe.

"Nilitoa amri mbaya. Mama Adolphine angenitii, mutoto angekufia mu mikono yangu."

Hata hivyo ofisi ikataka barua yangu ileile. Eti utaratibu.

Nikawaambia usoni: siandiki. Mpaka leo sijaandika, na kazini naenda kila siku.

Bilonda anatembea. Siku za baridi anachechemea kidogo, na ukimwonea huruma atakujibu vibaya.

Nyinyi mnaosoma: mtu akibanwa nyonga, msimkalishe, msimgeuzegeuze, msimkande. Mfungeni imara, mkimbie hospitali.

Na wewe uliye chini kazini, siku mkubwa wako anakosea na uhai wa mtu uko katikati, kataa. Watakuita majina. Kataa tu.