Mshahara Niliougeuza Sadaka

Mimi ni mwizi. Sikuvunja mlango wala sikuruka ukuta wa mtu. Niliiba nikiwa nimejitanda mtandio, tasbihi mkononi, na watu wakiniombea dua kwa ukarimu wangu.

Nina nyumba nne za wageni hapa Diani. Mpishi wangu alikuwa Mwanakombo, mwenyeji wa Munje, miaka tisa jikoni kwangu. Wageni wakipiga simu huuliza kwanza, "Yule mpishi yupo?" Wakiambiwa yupo, ndipo huuliza bei. Hakuna aliyewahi kuniulizia mimi.

Basi serikali ikapandisha kima cha chini cha mshahara. Redio zote zilitangaza. Asubuhi Mwanakombo akanijia, akaniamkia shikamoo yake kamili.

"Mama, nasikia mishahara imepanda. Na mwenye nyumba yangu ameongeza kodi. Nitazame na mie."

Unajua nilimjibu nini, mie mjuaji? "Mwanangu, hayo ni ya mahoteli makubwa. Sisi hapa ni jamaa. Jamaa hawapelekani kisheria."

Jamaa! Jamaa gani anayekula kwa kusimama jikoni, sahani juu ya jokofu?

Nikampa karatasi atie sahihi kwamba ameridhika na mshahara wa zamani. Akatia, kwa kunistahi tu. Nikaifungia kabatini, nikajiona wakili.

Ramadhani ilipokaribia nikazua werevu mwingine. Kila mwaka mimi hutoa mifuko ya unga, sukari, tende na mafuta. Nikasema moyoni, kwa nini nitoe mara mbili? Mfuko wa Mwanakombo nikauhesabu kuwa ndiyo nyongeza yake. Mfuko huo huo nikauhesabu tena mbele ya Mola kuwa ni sadaka yangu. Nikaona unafaa, nikawa nampa mmoja kila mwezi.

Astaghfirullah! Hata muuza nyanya wa Ukunda mwenye mizani mbovu haibi pande zote mbili kwa mpigo.

Na ningenyamaza basi! La, nilimsimamisha Mwanakombo ukumbini, amekumbatia unga wake, nikampiga picha. Nikairusha kwenye kundi letu la darsa, na maneno chini yake: "Sadaka ndogo kwa mhitaji." Mashallah zikamiminika mpaka simu ikaishiwa chaji, na kila mwezi nikarudia picha na maneno yale yale.

Mwaka ulipopita bila hata shilingi moja kuongezeka, Mwanakombo akaenda kwa afisa wa kazi. Nikaitwa. Nilikwenda nimejipulizia manukato, karatasi yangu mkobani, picha zangu simuni. Wallahi, nilikwenda nikiwa na hakika ya kushinda!

Afisa alikuwa kijana wa bara, mpole. Akaisoma karatasi, akairudisha.

"Mama, hii haikusaidii. Huwezi kupatana na mtu umlipe chini ya kima cha serikali. Hata yeye akikubali, sheria haikubali."

Nikamwonyesha picha. "Tazama mwenyewe. Nyongeza nilimpa, ila kwa vyakula."

Akazitazama moja moja, hana haraka. Kisha akayasoma maneno yangu kwa sauti. "'Sadaka ndogo kwa mhitaji.' Wewe mwenyewe umeandika ni sadaka. Sasa mshahara uko wapi?"

Nikamgeukia Mwanakombo, aliyekuwa amekaa kando yangu. "Mwanakombo! Baada ya yote niliyokupa?"

Hakupaza sauti. "Mama, mie sikuwa mhitaji. Nilikuwa mpishi wako. Wewe ndiye uliyenifanya mhitaji, kisha ukanipiga picha."

Nililipa malimbikizo yote, pamoja na marupurupu ya nyumba ambayo sikujua hata kama ni haki yake. Gari langu likauzwa ili deni litimie. Nikamsihi Mwanakombo arudi kwa mshahara halali, akakataa kwa adabu. Tangu hapo nimeajiri wapishi watatu. Juzi mgeni wangu wa miaka yote aliusukuma wali kando, akaniuliza kama yule mama wa Munje amefariki.

Wenzangu wa darsa wananipoza. Eti wafanyakazi wa siku hizi hawana shukrani. Shukrani ya nini, enyi wanafiki? Nawajua. Mmoja humkata yaya wake mshahara kwa chai ya asubuhi, na mwingine humlipa bawabu wake kwa nguo kuukuu za mumewe!

Wewe tajiri unayesoma haya na kujisemea "mimi simo," umo. Kima kikitangazwa, nenda ukaulize cha eneo lako na cha kazi ya mtu wako, maana havifanani. Marupurupu ya nyumba ni mbali na mshahara. Lipa, andika, mpe nakala yake. Usimtake atie sahihi ya kujidhulumu, na unga wako usiuite mshahara. Ukitaka kutoa sadaka, toa kwenye chako, si kwenye jasho lake.

Mwanakombo sasa ana mkahawa wake Msambweni. Ramadhani hii dereva wa boda aliniletea sahani iliyofunikwa: mahamri, mbaazi za nazi, na samaki wa kupaka wa mkono ninaoujua.

"Mwenyewe amesema ni futari tu, ule kwa furaha," akaniambia. "Amesema hakuikata kwenye mshahara wa mtu."

Nikaila yote, machozi yananitoka. Sikuipiga picha.