Nilivyoficha kipande cha chuma kilichobanduka, boti ikaenda ziwani

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyafanya mwenyewe. Sijapamba.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilipangiwa kazi karakana moja Mbinga, natokea Tanga. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Ndunguru, Mmatengo, fundi hasa.

Tulikuwa tunapaka nikeli bila umeme. Unapasha dawa kwenye sufuria, unatumbukiza chuma, nikeli inajishika yenyewe. Siri yote iko kwenye dawa. Kadiri unavyopaka, uchachu unazidi, unaurudisha kwa amonia kidogo kidogo. pH ikiyumba, umeharibu.

Amonia ikatuishia. Tuliagiza, haikuja.

Ndipo akaja Edmund, nahodha wa boti ya kijiji upande wa Lundo, kule ziwani. Shafti ya pampu ya kupoza injini ilikuwa imelika. Mkewe, Magreti, alikuwa karibu kujifungua, na njia ya hospitali ni boti.

"Shikamoo Mzee. Nisaidie, siku zenyewe ndizo hizi."

Mzee akamimina magadi kwenye dawa. Yale ya kupikia.

"Mzee, hayo siyo maharage."

"Kijana wa Tanga, wewe hata maharage hujui kupika!"

Tukacheka wote watatu.

Dawa ikawa nyeupe kama togwa. Shafti ikatoka na vipele. Mzee akaipiga msasa mpaka ikang'aa.

Kila kazi tulitumbukiza na kipande kidogo cha chuma cha kujaribia. Kukikunja, kuona kama nikeli imeshika, ilikuwa kazi yangu. Nilikikunja nyuma ya karakana, nikeli ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Niliporudi, Edmund alikuwa anamshukuru Mzee kwa mikono miwili.

Nikakitia mfukoni.

Wiki ya pili akarudi, amenyoa kichwa. Nikeli ilibanduka, maganda yakakata sili, ule mpira wa kuzuia maji kwenye pampu, injini ikakosa maji na kukwama katikati ya safari. Walipiga makasia. Magreti alifia ndani ya boti, na mtoto tumboni.

Akaweka shafti mezani.

"Mafundi, mnisamehe. Nadhani niliiendesha vibaya, nimeharibu mali ya kijiji."

Mzee aliinamisha kichwa. Mimi nikasema, "Pole sana, ndugu."

Kipande bado ninacho.

Nilichojifunza: dawa ikichafuka, mwaga. Kipande kikibanduka, sema, hata kama mtu ameshashukuru.

Mnaopaka nikeli siku hizi, karibuni mniambie mnafanyaje. Mnilaumu pia, ruksa.

Ila pole msinipe. Neno hilo nililitumia vibaya siku ile.