Kilima cha Nne cha Mama Geti

Mama Geti alikuwa mkali kama pilipili, lakini mwongo hakuwa. Hilo hata waliomchukia walilikubali. Miaka ishirini na mbili alikaa kwenye kibanda cha tiketi, geti la kaskazini la hifadhi ya taifa, chupa ya chai kulia, muhuri kushoto. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, na kweli ina dalili ya kunyesha, alikuambia itanyesha, hata kama umefunga safari tangu alfajiri. "Mimi siuzi maneno matamu," alikuwa akisema. "Nauza tiketi."

Wateja wake wakubwa walikuwa wapanda baiskeli. Kila Jumamosi walikuja na baiskeli zao za matairi mapana, kuifuata njia ya changarawe inayopanda na kushuka msituni kilomita thelathini mpaka irudi pale pale getini. Kila mgeni aliuliza swali moja: "Mama, vilima ni vingapi?"

"Vitatu," alijibu bila kuinua uso. "Cha tatu kitakutoa jasho, lakini ukikimaliza umemaliza. Mteremko mpaka hapa."

Mgeni alishusha pumzi, akaenda zake. Njia yenyewe Mama Geti hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kwa ramani iliyotundikwa kibandani, ndani ya fremu aliyoitengeneza mumewe, fundi seremala, mwaka ule alioajiriwa.

Basi, zikiwa zimebaki wiki mbili astaafu, akatokea mwalimu wa hesabu. Alirudi getini vumbi mpaka kwenye nyusi, akaegemeza baiskeli ukutani, akasema mbele za watu: "Mama, umenidanganya. Vilima ni vinne."

"Vitatu."

"Mama, mimi nafundisha hesabu. Nne naijua."

Mama Geti akacheka, akamgeukia daktari wa meno, mteja wake wa miaka kumi, ili amweleze huyu bwana ukweli. Daktari akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Wenzake nao, huyu anatazama mawingu, yule anabonyeza tairi. Mama Geti akaacha kucheka. Kama mwalimu alikuwa sahihi, basi yeye amewadanganya watu wangapi? Na wangapi walikuwa wanamcheka kisogoni?

Jioni alimkuta mumewe akipiga randa ubao. "Baba watoto, Jumapili tunapanda baiskeli."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

"Na hayo magoti yako?"

"Nitakuja nayo." Kisha akakaa juu ya benchi, sauti ikampungua. "Siwezi kustaafu bila kujua kama mimi ni mwongo."

Fundi akaweka randa chini. Mke wake akiongea kwa sauti ndogo, jambo si dogo.

Jumapili wakakodi baiskeli mbili. Kilima cha kwanza walikipanda wakipiga soga, changarawe ikilia chini ya matairi, hewa ya asubuhi ikinukia majani mabichi. Cha pili hakikuwa na soga. Cha tatu walishuka wakasukuma, na fundi, kijasho chembamba kikimtoka, akasema, "Mama watoto, hatupandi baiskeli sisi. Baiskeli ndiyo inatupanda." Mama Geti hakuwa na pumzi ya kumjibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Halafu mteremko. Lo! Upepo usoni, miti ikipita, miguu ameiachia kama mtoto. "Unaona?" akapiga kelele. "Vitatu! Nilisema vitatu!"

Wakakata kona. Mbele yao kilikuwa kimesimama kilima, tena kirefu kuliko vyote.

Mama Geti alishuka kwenye baiskeli na machozi yakamtoka, hakuyaficha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuipanda hii. Yeye na mumewe walisukuma hatua kumi, wakapumzika, hatua kumi tena, mpaka wakafika juu. Na huko juu kulikuwa na kibao kimepigiliwa kwenye nguzo, kimechakazwa na mvua:

KILIMA CHA MAMA GETI. YEYE ANASEMA HAKIPO.

Chini yake watu walikuwa wameandika, wengine kwa kalamu, wengine kwa ncha ya kisu. Alisoma kwa sauti, moja baada ya jingine. "Ningejua kipo, ningebaki nyumbani. Asante Mama." "Nimetoka hospitali mwezi jana. Nimefika." "Mke wangu alisema siwezi." Na pembeni, kwa mwandiko mbaya anaoujua wa daktari wa meno: "Wageni wasiambiwe. Wala yeye."

Alirudia kusoma tangu juu. Machozi bado yalikuwa yanatoka, lakini sasa hakuwa na aibu nayo.

Fundi akajikuna kidevu. "Mama watoto, ile ramani. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko kioo."

"Unasemaje?"

"Nikaikunja kidogo. Vidole viwili tu. Sasa mimi ningejuaje kuna kilima?"

Mama Geti alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye changarawe, hana mbavu. Fundi alipoona amesalimika, akakikagua kibao kwa jicho la kazi. "Na hii misumari, nani kapiga? Imekaa upande."

Jumatatu waliifungua fremu, wakaikunjua ramani, na kilima kilikuwepo, safi kabisa, hakijawahi kuona jua.

Jumamosi yake ya mwisho kazini, foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu wa hesabu alikuwemo, na daktari nyuma yake. Mbele yao alisimama mama mmoja, kofia ya kuazima imempwaya kichwani, akiitazama njia mara mbili mbili. Akauliza: "Samahani dada, vilima ni vingapi?"

Foleni nzima ikasogea kusikiliza.

"Vitatu," akasema Mama Geti. Mwalimu akafungua mdomo. "Vitatu, na kimoja changu. Ukifika kwangu usipite hivi hivi, pumzika, usome kibao."

Akagonga muhuri, akampa tiketi yake. "Haya, anayefuata."