Tembe ya tezi, uji wa mama mkwe na kengele ya misa

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaazima ya jirani. Anayebisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni mama wa viazi. Navitoa Masereka, nauza sokoni hapa mjini.

Nilikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, nikapasuliwa, tezi ikatolewa. Tangu hapo nameza tembe ya homoni kila asubuhi, na nitaimeza hadi nizikwe.

Shida ni kwamba nilimeza na bado nikawa gogo. Nasinzia mbele ya wateja, nahisi baridi juani, uso umevimba. Daktari akapandisha dozi, akapandisha tena. Wapi!

Mume wangu akaanza kusema kibanda changu cha sokoni apewe dada yake, mimi nipumzike nyumbani. Wakuu, kile kibanda ni changu tangu sijaolewa. Nililia.

Sasa, tunaishi na mama mkwe. Kila alfajiri aliniletea bouillie, ule uji wetu wa mahindi na soya, akanisimamia mpaka nimalize.

"Kunywa kwanza, mutoto wangu. Hapana kumeza dawa na tumbo yenye haina kitu, itakuchoma."

Nani atakataa uji wa mama mkwe? Kwetu ukikataa, ukoo mzima umejua kabla ya mchana. Basi tembe ikawa inashuka na uji.

Nilipokwenda Beni kwa dada yangu, akanipeleka kwa daktari mwingine, mwanamke. Huyu hakugusa dozi kwanza. Aliuliza tu, "Unamezaka ile kinini ya tezi na nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Lakini mama! Soya ya mu uji inazuia dawa kuingia mu damu. Meza na maji tu, ungoje saa moja mbele ya kula. Kahawa nayo ingoje. Kisha urudi tupime damu, pengine dozi itashuka."

Ningemwambiaje mama mkwe? Nikakumbuka misa ya asubuhi. Komunio inataka mfungo, lakini maji na dawa haviuvunji. Kwa hiyo kengele ya kwanza ikilia nameza, naenda kusali, narudi kwenye uji. Mama mkwe akafurahi kuliko mimi.

Damu ilipopimwa tena, dozi ikashushwa. Mwili umerudi, wakuu! Nimepumua, Mungu ashukuriwe. Mama mkwe anatangaza parokiani kwamba ni misa iliyoniponya, nami simbishii.

Nilichojifunza: usiilaumu dawa kabla ya kumwambia daktari unaimeza saa ngapi na unashushia nini. Nasikia wengine humeza wakati wa kulala, chakula kikishatulia tumboni. Ukitaka kubadili saa, muulize daktari wako kwanza, kisha usiyumbe.

Ninyi mnameza lini, na nyumbani nani anawasimamia? Andikeni, nitasoma jioni. Sasa hivi siwezi, niko kibandani kwangu na wateja wamenizunguka.